Jaji Ulric na Ubishi wa Laim

Kwa Waswahili ndimu ni ndimu, chokaa ni chokaa, ulimbo wa kunasia ndege ni ulimbo, na kukaa kijiweni ni kukaa kijiweni. Trinidad vyote vinne wamevitia mfuko mmoja wakaufunga kamba: laim. Ukimtuma mtu dukani akakuletee laim, huenda akarudi na ndimu, huenda akarudi na mfuko wa chokaa, na akichelewa sana ujue njiani amekutana na laim ya kukaa. Pale Gran Couva, kwenye njia panda, laim ya kukaa ina makao yake: benchi refu la kanisa ambalo padri alilitupa kwa sababu mguu mmoja umeliwa na mchwa, wazee wakaliokota, wakaupachika mguu tofali, wakaliweka chini ya bati la duka la Tanti Verna Castillo. Tanti mwenyewe hukaa ndani ya dirisha na sufuria lake la kakao, mdalasini na kungumanga vikielea juu. Upande wa kushoto wa benchi hukaa Garvin Pierre, kinyozi, mtu mnene, anayeitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Upande wa kulia hukaa Sonnylal Bisnath, mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, anayeitwa Nyigu, na tundu lake la ndege linaning'inia msumarini juu ya kichwa chake. Katikati hukaa Ulric Celestine, Jaji.

Huyu Ulric alikuwa na kazi ya sauti. Miaka na miaka alizunguka vilima vile vya kakao na gari lenye vipaza sauti viwili juu, akitangaza misiba, mechi za kriketi, harusi za Wahindi, mnada wa kanisa na mikutano ya wanasiasa wa vyama vyote. Watu walisema Ulric akitangaza msiba wako unajuta hukufa mapema. Na jioni, akishaliegesha gari, alikuwa akikaa pale katikati ya benchi na kuamua ubishi wote. Mtu akikosea methali, Jaji alipiga kiganja kwenye ubao, pa! na kuinyoosha. Ndipo lilipotoka jina.

Kisha baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka kikampiga kiharusi. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, ulimi ukabaki huko ulikokwenda. Maneno yote alikuwa nayo kichwani, yamevaa viatu, yamesimama foleni. Mlango ndio haukufunguka. Yakapita mawili tu: "ndiyo ndiyo" na "Jumanne". Akitaka maji, Jumanne. Akitaka fimbo yake, Jumanne. Mama mmoja wa hospitali alimwonyesha picha za mbwa na kikombe, naye akawaambia wote wawili, kwa adabu kabisa, kwamba ni Jumanne.

Binti yake, Josanne, mfamasia wa San Fernando, alikuwa akija kila mwisho wa wiki. Alikuta sufuria limeungua jikoni. Akakuta baba kalala na viatu. Akavumilia mpaka akachoka, akamwuliza:

— Baba, unataka kuja kukaa kwangu mjini?

Ulric alitaka kusema hapana. Hapana ile ilikuwa mbele kabisa ya foleni. Akakusanya pumzi, akaisukuma, na kilichotoka kikawa:

— Ndiyo ndiyo.

Josanne akalia kwa kushukuru. Naye Ulric akamtazama analia, na akashindwa hata kutikisa kichwa vizuri, maana binti alikuwa amekikumbatia.

Ndiyo maana mchana ule masanduku yalikuwa tayari ndani ya gari. Josanne alimleta baba yake kwenye benchi aage, yeye akapite kwa shangazi yake kule Tortuga kabla hawajashuka mjini.

— Msimchoshe, tafadhali, aliwaambia wale wazee. Nikirudi tunaondoka.

— Binti yetu, Redio alisema, akizungusha kofia mkononi, hebu mwache kidogo. Hapa ana watu.

— Mjomba Garvin, mimi sina ugomvi na nyie. Lakini tangu augue mmekaa naye hapa mkipiga laim tu. Laim haijawahi kumponya mtu.

Akaingia garini. Likakata kona ya kanisa, likapotea.

Walikaa kimya. Kimya kwenye benchi lile kilikuwa kitu kigeni, kama maiti kwenye harusi. Nyigu ndiye aliyeshindwa kukibeba.

— Mmemsikia? Eti laim haijawahi kumponya mtu!

— Nimemsikia, Redio akasema.

— Na mafua? Mafua yangu yote tangu nitoke tumboni yameponywa na laim na chumvi kidogo.

— Hiyo ni laim ya mtini, bwana wee! Yeye kasema laim ya kukaa.

— Neno si lile lile?

— Neno lile lile, kitu kingine. Hata wewe jina lako Sonnylal, na Sonnylal mwingine ana akili.

Tanti Verna alicheka kule dirishani, akachota kakao, akaanza kupitisha vikombe. Cha Ulric akamshikisha mwenyewe, vidole kwa vidole.

— Mimi niko upande wa Nyigu, akasema Tanti. Bila laim, nyie wote mngekuwa kaburini. Kuku anaoshwa kwa laim. Samaki anaoshwa kwa laim. Mtu mwenye mkosi anaogeshwa laim. Marehemu mume wangu nilimsugua miguu kwa laim kila Jumamosi, na mpaka anakufa hakunuka tena.

— Alikufa na nini? Nyigu akauliza.

— Na miguu misafi.

Ulric alisikia kicheko kikipanda kifuani mwake. Hicho kilikuwa hakijampotea. Akacheka, kakao ikamwagika kidogo kwenye suruali, na Redio akampangusa kwa kitambaa bila kukatisha maneno yake.

— Sawa. Sasa niulizeni mimi neno lenyewe limetoka wapi, maana nyie mnalinywa tu hamjui kisima chake. Wazungu wa manowari, wale Waingereza wa zamani, walikuwa wakikaa baharini mpaka fizi zinaoza. Wakawa wananyweshwa maji ya ndimu kwa lazima. Basi meli ikitia nanga Port of Spain, wanashuka, hawana kazi, wanasimama kwenye kona wanatazama wasichana. Watu wakawa wanasema: watazame wale wa laim. Ndiyo hivyo. Kusimama kwenye kona kukawa ni mtindo wa laim.

— Kwa hiyo sisi tumefundishwa kukaa na Waingereza? Nyigu aliruka. Sisi? Aisee, Redio, una aibu? Babu yangu alikuwa anachuchumaa chini ya mwembe wa Brasso kabla Mwingereza hajajua kukunja goti.

— Toa yako basi.

— Yangu iko hapa juu. Nyigu akaelekeza kidole kwenye tundu. Ndege wangu huyu, Mfalme, nilimpataje? Unachemsha utomvu wa mti wa shelisheli, unapata ulimbo. Nao ulimbo, kitabuni, Mwingereza anauitaje? Laim! Unaupaka tawini, unakaa chini, kimya, tangu jua linachomoza. Mkeo anapita anauliza, wewe unafanya nini hapo? Unamjibu, laim. Kesho hujapata ndege. Unakaa tena. Baadaye hata ulimbo huubebi, unakwenda kukaa tu. Ndiyo asili yake. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti anunue kitanda.

Ikapita nukta ya kimya. Kila mmoja pale aliisikia. Ilikuwa nafasi ya kiganja cha Jaji, ile pa! ya kwenye ubao. Kiganja cha Ulric kilinyanyuka kidogo kutoka gotini. *Ainame,* alisema kichwani. *Sharti ainame, mpuuzi wewe.* Midomo ikatikisika, lakini hapakutoka kitu. Redio akatazama viatu vyake.

— Kwa hiyo sisi ni ndege walionaswa, Redio akasema haraka, ili kuifunika ile nafasi.

— Sisi sote. Nitajie siku hata moja uliyoaga hapa ukaondoka mara ya kwanza unapoaga.

Redio alifikiri kwa dhati. Hakuipata.

— Mnakosea wote, Tanti akasema. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa. Mawe ya chokaa unayapanga tanurini, unawasha, na moto ule hauachwi peke yake. Sasa utafanya nini? Huwezi kulala, huwezi kulima. Unaita jirani, jirani anakuja na chupa yake, mwingine na gitaa lake. Mke akituma mtu akamtafute mumewe anaambiwa, yuko kwenye laim. Hakuna ndege wala manowari hapo. Ni chokaa.

— Tanti, kwa heshima zote, Nyigu akasema, babu yako alikuwa mlevi.

— Alikuwa mlevi mwenye chokaa.

Wasichana wawili waliokuwa wakisubiri teksi walisogea kivulini wasikie. Mama anayeuza mikate ya dengu upande wa pili wa barabara akafunika bakuli lake la pilipili, akavuka. Pale kwao ubishi hauna kiingilio.

Redio alipoona watu wanaongezeka, sauti ikampanda.

— Chokaa, Tanti? Nitawaambia habari ya chokaa ambayo hamjawahi kuisikia. Zamani, kabla ya umeme, kwenye majumba ya maonyesho, walikuwa wanachukua kipande cha chokaa wanakichoma kwa moto mkali, kinawaka cheupe kama mwezi, wanamwelekezea mwimbaji jukwaani. Ile taa jina lake ni laim! Basi mtu yeyote anayejiweka mbele za watu, kama sisi hapa njia panda, yumo ndani ya laim.

Walimcheka mpaka ndege akaruka ndani ya tundu.

— Chokaa iwake!

— Mwenzetu ameanza kunywa mchana!

— Unatupiga kamba, Redio! Mimi nimepaka chokaa nyumba nzima kila Desemba, mbona haijawahi kuniangazia?

Na hapo Ulric aliumia kuliko watu wote. Maana katika yote yaliyosemwa mchana ule, hilo la taa alilijua kwa hakika kuwa ni kweli. Alikuwa ametangaza kwenye majukwaa ujana wake wote, na wazee wa majukwaa walimsimulia. Rafiki yake alikuwa anasema kweli na anazomewa, naye shahidi yupo, kakaa ubavuni mwake, kafungwa mdomo. Akamgusa Redio goti. Redio akamtazama.

— Nini, Jaji?

— Ju… Jumanne, Ulric akasema.

— Ndiyo, kaka, Redio akajibu polepole. Jumanne.

Alisema kwa upendo, na upendo ule ulimkata Ulric kama kisu. Akatazama kona ya kanisa. Akaiona njia yote ya kushuka mjini, akaiona ghorofa ya Josanne, safi, na dirisha lake linalotazama magari yasiyomjua mtu. Huko kila kitu kingekuwa kimya na kila mtu angemwelewa kwa huruma. Nani kule angethubutu kusema upuuzi mbele yake?

Nyigu alikuwa ameshasimama. Watu walikuwa wanamtazama, na Nyigu akitazamwa hana breki.

— Nisikilizeni mimi sasa, maana hawa wanacheza pembeni. Laim ya kwanza ilikuwa bustani ya Edeni!

— Mama yangu! akasema mama wa mikate.

— Ndiyo! Adamu alikuwa na kazi? Hana. Hawa alikuwa na kazi? Hana. Wamekaa chini ya mti wanasengenya wanyama. Hiyo nini kama si laim? Na lile tunda mnaloambiwa ni tofaa, tofaa linaota nchi ya joto? Ilikuwa ndimu! Ndiyo maana walipoliuma macho yakafumbuka. Mmeshawahi kuona tofaa linafumbua mtu macho? Ndimu hiyo! Wakafukuzwa laim kwa sababu ya laim. Na mtu akifa anamwagiwa nini kaburini? Chokaa. Laim! Mwanadamu anaanzia laim, anaishia laim, na hapa katikati anakaa kwenye laim. Mbio za sakafuni huishia jikoni!

Makofi yakapigwa. Wasichana wa teksi waliiacha teksi ipite. Ulric alisikia damu inampanda shingoni. *Ukingoni. Huishia ukingoni.* Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

— Hiyo ya kaburini umeniogopesha, Tanti akasema. Mimi chokaa yangu ni ya ukutani tu. Lakini usipake juu ya nyufa, ziba kwanza. Mwaka juzi nilipaka hivi hivi, mvua moja tu, ukuta wa nyuma ukabomoka wote.

— Si ndiyo hayo, Tanti yangu, Nyigu akadakia, akiinua kidole mbinguni. Wahenga waliliona mapema. Walisema, usipoziba ufa… utapata hewa!

Pa!

Kiganja kilitua kwenye ubao kwa nguvu hata tofali la mguuni likateleza, benchi likainama, na kikombe cha Redio kikaenda chini.

— Ukuta! alisema Ulric.

Kakao ikatiririka chini ya miguu yao.

— Ukutani kuna nini? Redio aliruka akageuka nyuma. Nyoka? Yuko wapi? Nani kamwona?

— U… uta… Ulric alikuwa mwekundu, mishipa imemtoka. Utaje… utajenga! Usipoziba ufa, utajenga ukuta! Ukuta, Nyigu! Ukuta, mpumbavu wewe!

Neno la mwisho lilitoka laini kama siagi, na ile sauti ilikuwa ni ile, ya vipaza sauti viwili, imeingia vumbi kidogo lakini ni ile. Ilivuka barabara, ikagonga ukuta wa kanisa, ikarudi.

Tanti Verna aliweka kata chini. Alitoka mlangoni, mwanamke ambaye watu walikuwa hawajawahi kumwona miguu wakati wa biashara, akaja akapiga magoti mbele ya benchi lililopinda.

— Ulric. Rudia.

— Ukuta.

— Yesu na Maria.

— Kwani si hewa? Nyigu akauliza, kwa dhati kabisa. Mtu asipoziba ufa, hewa si itaingia?

Na ndipo Redio, mtu wa maneno mengi, akawa na wazo moja fupi. Alijikunja mbele ya uso wa rafiki yake.

— Jaji. Haba na haba…

— Hujaza kibaba!

— Asiyesikia la mkuu…

— Huvunjika guu!

— Mtaka cha uvunguni, sharti anunue…

— Ainame! Ainame, ainame, ainame! Nimemwa… nime… Ulric alipiga ubao tena. Ainame!

Watu walilipuka. Mama wa mikate alikuwa analia na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Habari ilishuka kilima kabla ya mtu kuipeleka. Wakaja waliokuwa wakianika kakao kwenye sakafu za mbao, nyayo zao bado zina vumbi la mbegu. Wakaja wapigaji wa ngoma za mapipa waliokuwa wakifanya mazoezi nyuma ya shule. Kila aliyefika alitaka kutoa nusu ya methali kwa mkono wake mwenyewe, na Ulric akawapa wote nusu zao, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegawa zawadi harusini. Aliyetoa iliyopinda alizomewa na umati, Ulric akainyoosha. Kijana mmoja alirusha "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe rimoti," na ile "jembe!" iliyomrudia ilimsukuma hatua nzima nyuma.

Tusidanganyane, hakupona siku ile. Alipoomba maji alisema fimbo, na alipotaka kumtaja Tanti alimwita Jumanne, Tanti akaitika kwa furaha. Lakini mlango ulikuwa umepata ufa, na kupitia ufa huo maneno ya watu wa kale yalikuwa yakipita, na nyuma yake, moja moja, kwa aibu, yakaanza kuchungulia ya kwake mwenyewe.

— Taa, alimwambia Redio, akimvuta kola. Taa. Kweli. Chokaa… kweli.

Redio alielewa. Akasimama juu ya benchi lililopinda, mtu mzito vile.

— Mmesikia? Jaji amehukumu! Taa ya chokaa ni kweli tupu! Nani alinizomea? Ajitokeze!

Ni katika kelele hizo Josanne alirudi. Aliona umati umezingira benchi, akaona mikono inapunga, na moyo wake ukamwambia lile moja analoliogopa siku zote. Aliacha gari katikati ya njia, mlango wazi, akapenya watu kwa viwiko.

— Baba! Nipisheni! Baba!

Wakampisha. Akamkuta baba yake kakaa, kofia imepinda, shati lina kakao, macho yanawaka.

— Kaanguka? Amefanyaje? Mmemfanya nini?

Tanti Verna aliweka kidole mdomoni, na umati wote, hata Redio, ukanyamaza.

Ulric alimtazama binti yake. Hili la kumwambia halikuwa methali. Hakuna mhenga aliyelitunga, hakuna mtu wa kumpa nusu ya kwanza ashikilie. Ilibidi alitoe lote mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alifungua mdomo.

— Jumanne, alisema.

Uso wa Josanne ukaporomoka kwa upole ule ule wa kila siku. Akanyoosha mkono amsaidie kuinuka.

Ulric akauondoa mkono ule. Akanyanyua kiganja chake, akakishusha kwenye ubao, pa!

— Si, akasema. Akapumua. Si… endi.

— Baba?

— Siendi. Ile ndiyo… ile ndiyo… Machozi yalikuwa yanamshuka lakini hakuyajali, alikuwa kazini. Hapana. Ndiyo ile, hapana.

Josanne alisimama akiyapanga maneno yale. Kisha akaelewa ni ndiyo ipi, na siku ipi, na alilia kwa ajili ya nini siku ile akiwa amekishika kichwa cha baba yake kisiweze kutikisika. Akakaa chini, pale pale penye vumbi, na sketi yake ya kazini.

— Nimesikia, Baba, alisema. Nimekusikia. Nisamehe. Masanduku yanarudi nyumbani.

Kelele iliyotoka hapo ilisikika, wanasema, mpaka kule chini kwenye mto. Wapigaji wa ngoma walikwenda kuleta mapipa yao bila kutumwa. Kijana wa rimoti alipewa ufunguo akalisogeze gari, kwa sababu teksi zilikuwa zimepanga foleni pande zote mbili na madereva walikuwa wameshashuka kuulizia kuna nini, na wakishaambiwa hawakurudi garini.

Nyigu alikwenda akachuchumaa karibu na Josanne.

— Binti yetu, kuhusu lile ulilosema. Kwamba laim haijawahi kumponya mtu.

— Mjomba Sonny, nimeshayameza, usinitapishe.

— Aa, mimi sidai kitu. Nataka tu uamue. Maana hawa wanasema neno limetoka kwa wanamaji, Tanti anasema tanuri, mimi nina ushahidi wa Edeni. Wewe ni mtu wa dawa. Unasemaje?

— Mimi nasema mlinisubiri muda wote huu mkibishania hilo?

— Kwani kuna jingine?

Josanne alicheka, kamasi na machozi pamoja. Waliinua benchi, wakalirudishia tofali lake, wakabanana mpaka akapata nafasi ubavuni mwa baba yake. Tanti alimpa kikombe. Redio alikuwa ameshaanza upya habari ya taa, safari hii mwanga wake ulikuwa unaonekana mpaka Venezuela. Ulric alikuwa anatikisa kichwa, hapana, vizuri kabisa, kushoto na kulia, anafurahia tu kwamba anaweza.

Jua lilikuwa limeshalala juu ya mashamba ya kakao. Josanne alimaliza kikombe, akatazama watu wale wote, akakumbuka kwamba kuna dawa za jioni, kuna chakula cha kupika, kuna masanduku ya kushusha. Alisimama akapangusa sketi.

— Ngoja niende nyumbani nikatayarishe, kisha nije nimchukue, alisema. Hii laim inakwisha saa ngapi?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Nyigu alimtazama Tanti. Tanti alitazama ndani ya sufuria, kama saa iko humo. Mama wa mikate alianza kusema kitu, akajikuna. Watu wa kakao, wapigaji, madereva wa teksi, wote waliulizana kwa macho, na mwisho, kama kawaida ya miaka yote, nyuso zote zikageukia katikati ya benchi.

Jaji akanyanyua kiganja. Akakishikilia hewani, akatafuta. Akatafuta mbele ya foleni na nyuma ya foleni. Hakikuwepo kitu. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, akaona midomo yote iko wazi na mitupu kama wa kwake, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuwa peke yake katika kukosa neno. Alianza kucheka, wakacheka naye, na Tanti Verna akatia maji mengine kwenye sufuria.